Arusi ya Siku Moja, Nyumba ya Maisha

Kila mwaka, Pasaka ikiisha kupita na mavuno yakiisha kuingia ghalani, matangazo ya ndoa huongezeka katika parokia zetu. Dominika baada ya Dominika husomwa majina ya vijana wanaotaka kuoana, na waamini huombwa kusema kama wanajua kizuizi chochote. Kisha siku yenyewe hufika. Kengele hulia, vigelegele hujibu, na watu wawili waliokuwa wa nyumba mbili hutoka kanisani wakiwa wa nyumba moja. Nasi twafurahi pamoja nao, maana ni habari njema kwa kijiji kizima kwamba moto umewashwa katika jiko jipya.

Lakini furaha hiyo haituzuii kuuliza swali moja. Arusi imekwisha Jumamosi. Jumapili wamekwenda Misa Takatifu, na watu wamewatazama kwa mapenzi. Je, Jumatatu asubuhi wale wawili wanaamkia nini? Swali hilo ndilo tunalotaka kulitafakari leo pamoja na wasomaji wetu, vijana kwa wazee. Maana twaona kwamba fedha nyingi, nguvu nyingi na akili nyingi hutumika kwa ajili ya ile Jumamosi, na kidogo mno hubaki kwa ajili ya Jumatatu na siku zote zinazoifuata.

Gharama ya mnara

Bwana wetu Yezu Kristu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu mwenye akili, alisema, hukaa kwanza chini akahesabu gharama, aone kama anacho cha kumalizia. Asije akaweka msingi tu, kisha wapita njia wakamcheka. Mfano huo aliutoa kwa ajili ya wale wanaotaka kumfuata, lakini aliutwaa katika maisha ya kila siku, nao wawafaa sana wachumba. Siku hizi twahesabu kwa makini gharama ya sherehe, na mnara wenyewe hatuuhesabu.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda katika miji yetu, na sasa hata vijijini. Kamati ya arusi huundwa miezi mingi kabla ya siku. Huchaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za michango hupelekwa kwa ndugu, majirani na watu wa kazini. Hutafutwa ukumbi, wapambaji, magari, wapiga picha, matarumbeta, keki, na sare za wasindikizaji. Kabla ya hayo huwapo sherehe ya kumfunda bibi arusi na sherehe nyingine ya kumuaga kwao. Walioahidi hawatoi wote, lakini mwenye ukumbi na mpishi hawangoji. Basi mwisho wa hesabu hubaki pengo, na pengo hilo huzibwa na bwana arusi mwenyewe, kwa mkopo. Hivyo wapo wengi ambao Jumatatu huamkia deni. Kitanda hakijalipiwa, kodi ya chumba yakaribia kwisha, na mwenye kudai amekwisha kupiga simu.

Hatusemi kwamba michango ni mibaya. Asili yake ni njema, nayo ni urithi wetu. Zamani jirani mmoja alileta debe la unga, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine mbuzi. Akina mama walileta kuni na maji, na vijana wakakusanyika kumwezekea mwenzao nyumba. Watu walikula, wakaimba, wakacheza. Lakini walipoondoka, waliacha nyumba imesimama, ina chungu, ina jembe, ina chakula. Shabaha ya msaada ule ilikuwa kuwaanzishia wenzao maisha. Leo twakusanya fedha nyingi kuliko baba zetu walizopata kuziona, na kukipambazuka hakuna kilichobaki ila picha. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Nasi twaupamba mlango, ilhali ndani hamna kigoda.

Kwa hiyo twawashauri wana kamati wote wasomao gazeti hili. Katika mkutano wa kwanza, kabla ya kutaja ukumbi, andikeni mahitaji ya nyumba: kodi ya miezi sita, kitanda na godoro, vyombo vya jikoni, mbegu kwa mkulima, mtaji mdogo kwa mfanya biashara. Fedha hizo ziwekwe kando, zisiguswe na mtu. Kitakachobaki ndicho kiwe cha sherehe, kiwe kingi au kidogo. Wageni watakula wali na nyama sahani moja badala ya mbili, na hapana atakayekufa kwa njaa.

Wale wanaongoja nje

Lakini liko jambo la kuhuzunisha zaidi kuliko deni. Katika kila parokia wapo Wakristu waliobatizwa, waliopata Kipaimara, wanaoishi pamoja miaka mitano au kumi bila Sakramenti ya Ndoa. Wamezaa watoto, wamewabatizisha, wanakuja Misa kila Dominika. Na wakati wa Komunyo wanabaki katika mabenchi wakitazama chini. Wakiulizwa kwa nini hawafungi ndoa, wengi hawatoi sababu ya imani, wala hawasemi kwamba hawapendani. Husema hivi: hatujapata fedha za arusi.

Ndugu zetu wapendwa, ni nani aliyewafundisha kwamba Sakramenti hununuliwa kwa fedha za ukumbi? Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, Kanisa limeagiza kwamba ndoa ya Wakatoliki ifungwe mbele ya padre na mashahidi, ili pasiwe na ndoa za siri za kumwacha mtu katika aibu. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema vivyo hivyo: wahitajiwa wachumba wawili walio huru, askofu au paroko au padre au shemasi aliyepewa ruhusa, na mashahidi wawili. Keki haikutajwa. Gari halikutajwa. Bibi arusi aliyevaa gauni lake safi la Dominika, akatoa ahadi yake mbele ya Mungu katika Misa ya asubuhi, ameolewa sawasawa na binti wa tajiri.

Na hapa hatuna budi kusema na wazazi. Wapo wazazi wanaokataa watoto wao wasiende kanisani mpaka mahari imalizike yote, au mpaka ipatikane sherehe itakayowapa sifa mbele ya majirani. Mahari ni desturi ya heshima. Ni alama kwamba binti hakuokotwa njiani. Lakini mzazi Mkristu anayeifanya kuwa kufuli ya mlango wa Sakramenti atakuwa na jambo la kujibu mbele ya Mungu. Pokea kilichopo, baba. Lililobaki na liwe deni la heshima kati ya wakwe. Usimwache mwanao akaishi miaka bila neema kwa sababu ya ng'ombe wawili.

Tukumbuke nyumba za kwanza za Kikristu katika nchi hii. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, wengi wa Wakristu wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa utumwani. Walitoka mbali, wametengwa na koo zao. Wengine hawakujua tena njia ya kurudi kwao. Hawakuwa na mjomba wa kupokea mahari, wala shangazi wa kumfunda bibi arusi. Walipooana walipewa kibanda na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristu, na sehemu ya siku zao waliifanyia misioni kazi. Maisha yao hayakuwa mepesi, wala hatutaki kuyapamba. Lakini watu walionyang'anywa kila kitu walianza nyumba kwa ahadi, jembe na paa la makuti. Je, sisi wenye ndugu, shule na kazi twaweza kusema kwamba hatuna cha kuanzia?

Mfuko wa nyumba

Arusi imepita, sasa nyumba yaanza. Mtihani wa kwanza wa wengi ni fedha. Mume anaficha mshahara wake. Mke anaficha fungu lake la kikoba. Kila mmoja ana simu yake na fedha zake ndani ya simu, na namba ya siri asiyoijua mwenzake. Mume atuma ada ya mdogo wake bila kusema. Mke amtumia mama yake bila kusema. Mwisho wa mwezi unga umekwisha, na kila mmoja amtazama mwenzake kama mwizi.

Kumsaidia mzazi si kosa. Amri ya nne ya Mungu yatuagiza. Kosa ni siri. Watu waliopeana miili yao na maisha yao mbele ya altare, wanawezaje kunyimana habari ya shilingi? Twashauri desturi moja nyepesi. Kila mwanzo wa mwezi, baada ya chakula cha jioni, mume na mke wakae mezani na karatasi moja. Waandike kilichoingia, cha mume na cha mke. Kisha wagawe: zaka ya Kanisa, chakula, kodi, deni, wazazi wa upande huu na wazazi wa upande ule, na akiba, hata ikiwa ndogo. Haba na haba hujaza kibaba. Nyumba nyingi za matofali tunazoziona leo zilianza kwa mfuko mmoja wa saruji kila mwezi, kwa watu wawili waliopatana.

Tena mume asiseme kwamba mali ni yake kwa kuwa yeye ndiye mwenye mshahara. Hata serikali yetu imekataa neno hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuiuza nyumba ya ndoa, au kuiweka rehani, pasipo ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi anazofanya mke nyumbani ni mchango wa kweli katika kupata mali ya ndoa. Kupika, kuteka maji, kulea na kuuguza si bure. Ikiwa mahakama imeona hayo katika kugawa mali ya nyumba iliyovunjika, inakuwaje sisi Wakristu tusiyaone wakati nyumba ingali imesimama?

Yafaa vijana wawatazame Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, waliooana mjini Alençon mwaka 1858. Mume alikuwa fundi wa saa. Mke alikuwa fundi wa kufuma lesi, mwenye biashara yake mwenyewe. Kazi ya mke ilipozidi kukua, mume aliiacha kazi yake ya saa, mwaka 1870, ili amsaidie mkewe katika biashara ile. Hakuona kwamba heshima yake ya uanaume imepungua. Walipata watoto tisa, wakawazika wanne wangali wadogo; na mmoja wa waliobaki ndiye Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu. Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza mume huyo na mke huyo kuwa watakatifu siku moja, pamoja. Walifika mbinguni kwa njia ya duka, mezani kwao, na kando ya vitanda vya watoto wagonjwa. Yaani kwa njia ileile iliyo wazi kwa kila msomaji wetu aliyeoa au kuolewa.

Mwaka wa kwanza, na wakwe

Katika Sheria ya Musa imo amri moja ambayo wengi hawaijui. Mtu aliyeoa karibuni hakupelekwa vitani, wala hakutwikwa kazi ya umma. Aliachwa huru nyumbani mwaka mmoja mzima, ili amfurahishe mke wake. Watu wa Israeli walikuwa na adui pande zote, na kila mkono uliojua kushika mkuki ulihitajiwa. Hata hivyo Mungu aliona kwamba nyumba mpya ni kitu cha thamani kuliko askari mmoja zaidi.

Sisi hatuwezi kuacha kazi mwaka mmoja. Lakini maana ya amri ile yaweza kushikwa. Bwana arusi ambaye baada ya mwezi mmoja amerudia baraza lake la zamani, akafika nyumbani usiku wa manane ananuka pombe, amekwenda vitani na kumwacha mke wake mpweke. Bibi arusi ambaye kila akikwazwa anafunga mzigo kwenda kwa mama yake, naye hajafika bado katika nyumba yake. Mwaka wa kwanza ndio wa kujuana: kujua mwenzako akiwa amechoka anakuwaje, anapenda nini, anaogopa nini. Asiyejenga msingi huo wakati udongo ungali laini, atauchimba baadaye kwa sururu.

Kitabu cha Mwanzo chafundisha kwamba mwanamume huwaacha baba yake na mama yake, akaambatana na mkewe. Kuwaacha si kuwatupa. Wengi wetu twaanza maisha katika ua wa wazazi, na hapana ubaya. Lakini hata katika ua mmoja, nyumba ya vijana iwe na mlango wake, nao mlango uwe na hodi. Mama mkwe anayeingia jikoni kila siku kuonja mboga ya mkamwana na kutoa hukumu, na wifi anayehesabu kanga za bibi arusi, wanabomoa kile walichokichangia kwa fedha zao. Na kijana akiona mama yake na mke wake hawapatani, asijifiche nyuma ya ukimya. Azungumze na mama yake kwa heshima zote, peke yake, bila hasira, amwambie kwamba yule ni mkewe, na heshima ya mke ni heshima yake. Mama mwenye busara atamsikia, naye atamwona mwanawe kuwa mtu mzima.

Mtoto asiyefika upesi

Kuna machozi mengine yanayofichwa katika nyumba nyingi mpya. Mwaka umepita, pengine miwili, na mtoto hajapatikana. Hapo ndugu huanza kunong'ona. Mke huitwa majina. Mume hushauriwa ajaribu nje, au amrudishe kwao binti wa watu. Wengine hukimbilia waganga wa uchawi, wakapoteza fedha na imani kwa pamoja.

Twataka kusema wazi, ili yeyote mwenye kuyatumia maneno haya mbele ya ndugu zake aweze kuyatumia. Mtoto ni zawadi, wala si bei ya ndoa. Sheria ya Kanisa yatamka kwamba utasa hauizuii ndoa wala hauivunji. Ahadi iliyotolewa altareni haikuwa na sharti la mwaka mmoja. Tena waganga wa hospitali wajua kwamba sababu yaweza kuwa kwa mume kama iwezavyo kuwa kwa mke. Kwa hiyo mume anayempeleka mkewe peke yake kupimwa hajatenda haki. Nendeni wote wawili.

Na mtafakarini Elkana, mume wa Hana, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Hana hakuwa na mtoto, na alidhihakiwa mwaka baada ya mwaka. Elkana hakuungana na wenye kudhihaki. Alimpa fungu lake mezani kwa upendo, akajaribu kumfuta machozi. Hiyo ilikuwa kabla Samweli hajazaliwa, wakati hapakuwa na dalili yoyote kwamba atazaliwa. Huo ndio uanaume tunaoutaka katika nyumba za Wakristu. Na kwa wale ambao Mungu hakuwapa mtoto wa kumzaa, wapo yatima wanaohitaji paa, nao ni watoto wa Mungu kama wengine.

Ugomvi na msamaha

Hapana nyumba isiyo na ugomvi. Anayewaambia vijana kwamba wakipendana hawatagombana anawadanganya. Vyombo vilivyo katika kapu moja havikosi kugongana. Kinachofaa kujifunza ni namna ya kuumaliza ugomvi. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasikubali jua lizame wakiwa bado na hasira, na fundisho hilo latosha kuiokoa nyumba. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake juu ya upendo wa nyumbani wa mwaka 2016, aliwakumbusha wenye ndoa kwamba nyumba huhitaji maneno matatu mafupi: la kuomba ruhusa, la kushukuru, na la kuomba radhi. Ni maneno ambayo kila mtoto wetu hufundishwa kabla ya kwenda shule, nasi wakubwa twayasahau. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jirani zetu wa Rwanda wanatupa mfano. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi wa nyimbo, alimwoa Daphrose mwaka 1965. Miaka yao ya kwanza ilikuwa ya baridi. Mume alikuwa ameiacha imani, na mke aliumia sana. Daphrose alisali miaka mingi. Mwaka 1982 Mungu aliugusa moyo wa mume, naye akarudi kwa Kristu na kwa mke wake kwa moyo mzima. Tangu hapo nyumba yao ikawa kimbilio la maskini, na mwaka 1990 walianzisha nchini mwao Jumuiya ya Emanueli. Waliuawa mjini Kigali tarehe 7 Aprili 1994, pamoja na baadhi ya watoto wao, katika siku za kwanza za mauaji yale ya kutisha. Kanisa limeanza kuyachunguza maisha yao ili kuona kama wastahili heshima ya altare. Nyumba iliyokaribia kufa katika miaka yake ya kwanza ikawa nyumba ya mashujaa. Basi asikate tamaa kijana ambaye mwanzo wake ni mgumu.

Hata hivyo mtu asiyapotoshe maneno yetu. Kuvumilia si kupigwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hiyohiyo yasema kwamba mume au mke hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Na Kanisa nalo laruhusu mtu aliye katika hatari kubwa ya mwili au roho kujitenga na anayemtesa. Mkono ulioshika mkono wa bibi arusi altareni, ukitoa ahadi, haukupewa ruhusa ya kuinuka juu yake. Mke anayepigwa asiambiwe na wazee arudi akavumilie. Aambiwe aende mahali salama, kisha wazee na paroko wamwite mume aje ajibu.

Altare ya nyumbani

Tumesema mengi juu ya fedha, wakwe na maneno. Yote hayo yahitaji nguvu isiyotoka kwetu. Tobia na Sara, usiku wa arusi yao, walisimama kwanza wakasali. Na Sara alikuwa mwanamke aliyekwisha kufiwa na waume saba, kila mmoja usiku uleule wa arusi. Nyumba yao ilianza mahali palipojaa hofu, nao waliianza kwa sala.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, uliiita familia ya Kikristu kana kwamba ni Kanisa la nyumbani. Hilo si jina la kupamba. Kanisa lina sala, nyumba nayo iwe nayo. Vijana waanze kwa machache wanayoweza kuyashika: ishara ya msalaba pamoja wakiamka, Baba yetu na Salamu Maria pamoja kabla ya kulala, Misa ya Dominika wakiwa wameketi benchi moja. Waombe padre aje kuibariki nyumba yao, hata ikiwa ni chumba kimoja cha kupanga. Msalaba utundikwe ukutani kabla ya picha ya arusi. Waingie katika jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wao mwezi wa kwanza, wasingoje kualikwa. Huko watapata wazee waliopita njia hiyo miaka arobaini, ambao hawana cheti cha ualimu lakini wanajua mahali penye mashimo.

Na ninyi wasimamizi wa arusi, kazi yenu haikwisha mlipotia sahihi katika daftari la ndoa. Mlisimama kuwa mashahidi. Mtembeleeni huyo mliyemsimamia baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka. Ulizeni kwa upole kama wana chakula, kama wanasali, kama wanazungumza. Mkiona ufa, msiutangaze mtaani. Semeni nao wenyewe, na ikihitajiwa, na paroko.

Vijana wetu wapendwa, mkumbuke kwamba katika arusi ya Kana divai iliwatindikia. Ile nayo ilikuwa nyumba iliyoanza kwa upungufu, na pengine kwa hesabu mbaya ya wageni. Lakini wenye arusi walikuwa wamewaalika Yezu na Mama yake, na watumishi walikubali kuijaza maji mitungi sita ya mawe, mzigo baada ya mzigo, kabla hawajaona muujiza wowote. Nanyi alikeni vivyo hivyo, kisha mchukue ndoo. Siku nyingi kazi yenu itakuwa kuchota maji tu. Jumatatu ikifika, amkeni mapema, salini, mwashe moto, mfanye kazi ya siku hiyo. Mungu aliyewaunganisha hakukusudia kuwaacha mjenge peke yenu.